Kutoka sanduku la barafu hadi mashine: historia ya ini linaloishi nje ya mwili

BUKAVU – Ugonjwa wa ini unajulikana vizuri hapa Kivu Kusini: macho ya manjano, tumbo linalojaa maji, mgonjwa anayekonda huku familia ikihangaika. Barani Afrika, virusi vya hepatitisi B ni kati ya sababu zake kubwa. Ini likiisha kuharibika kabisa, tiba inayobaki ni kupandikizwa ini jingine.

Daktari Thomas Starzl alijaribu kwa mara ya kwanza tarehe 1 Machi 1963, huko Denver, Marekani. Mtoto aliyepasuliwa alifariki kwa kutokwa na damu. Mwaka 1967 ndipo mgonjwa wa kwanza aliishi zaidi ya mwaka mmoja.

Tatizo jingine lilikuwa saa. Ini la marehemu likikosa damu huanza kufa. Kwa hiyo madaktari walilisafisha kwa maji maalumu na kuliweka katika barafu, kwenye nyuzi 4 hivi. Mwisho wa miaka ya 1980, Folkert Belzer na James Southard wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walileta maji bora zaidi, na muda ukaongezeka. Lakini baridi hupunguza tu mwendo wa kifo. Tena, ini lililolala kwenye barafu halisemi kama litafanya kazi. Yenye mashaka yalitupwa, huku wagonjwa wakisubiri.

Huko Oxford, Uingereza, daktari Peter Friend na mhandisi Constantin Coussios walifuata njia nyingine: kuliacha ini liendelee kuishi. Mashine yao husukuma damu yenye oksijeni na chakula ndani ya ini, kwenye nyuzi 37. Ini linatoa nyongo, na daktari anaona kama ni zima. Mgonjwa wa kwanza alipandikizwa ini la namna hiyo mwaka 2013, London. Utafiti uliotangazwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba maini yaliyotupwa yalipungua kwa nusu. Mwaka 2021, huko Zurich, Uswisi, mgonjwa alipewa ini lililokaa siku 3 kwenye mashine.

Karibu na kwetu, Muhimbili ya Dar es Salaam ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, na Mulago ya Kampala mwaka 2023. Figo hizo hutolewa na ndugu aliye hai, hupita kutoka chumba kimoja hadi kingine, bila kuhitaji mashine.

Mashine ya ini inadai damu salama, oksijeni na umeme usiokatika. Bukavu ina bwawa la Ruzizi mlangoni mwake, lakini giza bado linaingia hospitalini. Vitu hivyo vitatu ndivyo vinavyomwokoa pia mama anayejifungua. Na kwa ini lenyewe, chanjo ya hepatitisi B, inayoanza kutolewa mtoto angali mchanga, ndiyo kinga iliyo karibu zaidi na familia ya hapa.