Majestic, Sinema ya Vuga

Mwaka 1921 mfanyabiashara Hassanali Adamji Jariwalla alifungua mtaani Vuga, mjini Unguja, ukumbi wa sinema alioupa jina la Royal. Mchoro ulikuwa wa John Sinclair, ofisa wa serikali ya Kiingereza aliyekuwa pia msanifu majengo, na ambaye mwaka uliofuata alishika cheo cha Balozi wa Mwingereza visiwani. Ndiye huyohuyo aliyechora jumba la makumbusho la Beit el Amani, na nakshi za Kiarabu alizipenda kuliko Waarabu wenyewe.

Baadaye jina likawa Majestic. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 moto ukaliteketeza jengo lile, na mwaka 1955 likasimama jipya papo hapo. Mchoraji safari hii, Dayalji Pitamber Sachania, hakumwiga Sinclair. Alichagua mtindo wa Art Deco, uso mweupe wa mistari iliyonyooka, na kwa maoni yangu alifanya vyema: sinema ni jambo la kisasa, haina haja ya kuvalishwa joho la kale.

Utamu wenyewe ulikuwa Jumapili jioni, kwa picha za Kihindi. Familia nzima zilijipamba, na aliyechelewa dirishani aliishia mikononi mwa walanguzi wa tiketi. Wanawake walikuwa na maonyesho yao peke yao, hivyo hata waliotawa hawakukosa. Kihindi wengi hawakukijua, lakini Awara, ya Raj Kapoor na Nargis, haikuhitaji mkalimani: kijana, mapenzi, baba mkali, nani asiyeyajua hayo? Waliotoka walisimulia hadithi barazani siku kadhaa, na mahadhi ya nyimbo yaliingia mpaka kwenye taarabu.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 kumbi zikawa mali ya serikali. Miaka ya 1970 Zanzibar ikapata televisheni ya rangi, Bara ikiwa haina televisheni kabisa. Kisha zikaja kanda za video, na viti vya Majestic vikazidi kuwa vitupu hadi milango ikafungwa.

Hata hivyo sinema haikutoweka mjini: Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar (ZIFF), lililoanza mwaka 1998, limezoea kuonyesha picha Ngome Kongwe, mahali pa wazi, chini ya nyota. Wapenzi wa Mji Mkongwe bado wanapigania jengo la Vuga likarabatiwe na lirudie kazi yake. Sinema nyingine, Empire, pale Darajani, imekwisha kuwa duka.