Model 100: Kompyuta ya zamani inavyoongezewa vifaa

TRS-80 Model 100 ni kompyuta ndogo ya kubebeka iliyotengenezwa na kampuni ya Kyocera ya Japani na kuuzwa nchini Marekani na kampuni ya Tandy, kupitia maduka yake ya Radio Shack, kuanzia mwaka 1983. Ilitumia betri nne ndogo za kawaida na ilikuwa na skrini ya mistari 8, kila mstari ukiwa na nafasi ya herufi 40, pamoja na modemu ya ndani. Waandishi wa habari waliipenda, kwani waliweza kuandika taarifa wakiwa safarini na kuituma kwenye chumba cha habari kwa njia ya simu.

Kompyuta hiyo haikuwa na sehemu ya kusomea diski. Hata hivyo, upande wake wa chini, ndani ya kifuniko kidogo, mna soketi yenye matundu 40. Hapo ndipo inapofikiwa njia kuu ya ndani, ambayo mafundi huiita basi: nyaya zinazobeba anwani, data na amri baina ya prosesa na sehemu nyingine.

Namba zenye wenyewe

Prosesa yake, 80C85, hufikia nafasi 65,536 za kumbukumbu. Katika mashine iliyojazwa kumbukumbu yote, nusu ya nafasi hizo hushikwa na programu za kudumu, na nusu ya pili na mafaili ya mtumiaji. Kwa sababu hiyo, kifaa cha ziada kwa kawaida hupitia milango 256 ya mawasiliano, kila mmoja ukiwa na namba yake. Baadhi ya namba tayari zinatumiwa na sehemu za ndani, kama vile skrini. Vifaa viwili vikiitikia namba moja, ishara hugongana na data huharibika.

Tandy yenyewe ilitumia soketi hiyo kuunganisha kifaa chake cha Disk/Video Interface, kilichoiwezesha kompyuta kusoma diski na kuonyesha maandishi kwenye televisheni. Kifaa hicho kilitumia umeme wa nyumbani, hivyo hakikuzielemea betri.

Tahadhari kabla ya kuunganisha

Mafaili ya Model 100 huhifadhiwa katika kumbukumbu inayotegemea umeme wakati wote. Hitilafu moja ya uunganishaji yaweza kuilazimu mashine kuanza upya na kufuta kila kilichoandikwa. Ni muhimu, basi, kunakili mafaili kwenye kompyuta nyingine kwanza, kisha kuizima mashine kabla ya kugusa soketi.

Aidha, katika Model 102 ya mwaka 1986, kiunganishi kilihamishiwa nyuma na umbo lake likabadilishwa. Kifaa kilichoundwa kwa ajili ya Model 100 hakiingii humo bila waya wa kati.