Jeevanjee na Arboretum: bustani zilizolindwa na wananchi

Kila nikipanda Nairobi, lazima nikae kidogo Bustani ya Jeevanjee, katikati ya jiji. Sisi wa pwani tuna haki ya kuijua: Alibhai Mulla Jeevanjee, aliyeanzisha gazeti la African Standard hapa Mombasa mwaka 1902, ndiye aliyewapa wakazi wa Nairobi bustani hiyo mwaka 1906. Mwaka 1991 ukazuka mpango wa kujenga hapo maegesho ya ghorofa. Mjukuu wake, Zarina Patel, akaongoza wananchi kupinga, mpaka mpango ukafa.

Ukielekea magharibi, njia ya Kileleshwa, utakuta Arboretum, iliyoanzishwa 1907 kujaribu miti ya kuni za reli. Tangu 1993 kikundi cha kujitolea cha marafiki wake kinasaidiana na idara ya misitu kuitunza.

Nionavyo, kufagia si kazi. Kazi ni karatasi. Mwaweza kupanda miti miaka kumi, mkaamka siku moja mkute uwanja umezungushwa mabati. Kikundi cha kwetu, kiwe cha Kizingo au Likoni, kabla ya kununua mafagio kiende kaunti kikaombe kuoneshwa hati na ramani ya kiwanja.