Jina la Kowalski na Safari Zake: Asili, Maumbo na Mafunzo kwa Mfasiri

Katika kazi ya kutafsiri hati, hapana neno linalodhaniwa kuwa jepesi kama jina la mtu. Mfasiri huhangaika na istilahi za sheria, za udaktari na za ufundi, lakini afikapo penye jina hulinakili tu na kuendelea. Hata hivyo, ni katika jina ndipo kosa dogo huweza kuleta madhara makubwa. Mjane hukosa urithi kwa kuwa jina lake halilingani na la marehemu mumewe. Mtoto huonekana kuwa si wa babaye. Mtu mmoja huhesabiwa kuwa watu wawili. Madhumuni ya makala haya ni kueleza historia ya jina moja la ukoo, nalo ni jina la Kipolandi la Kowalski: lilivyozaliwa, lilivyotawanyika duniani, na jinsi kila ofisi lilimopita ilivyoliachia alama yake. Historia hiyo ina mafunzo kwa kila mtu ambaye kazi yake ni kuandika majina ya wengine.

Asili ya jina

Mzizi wa jina hili ni neno kowal, yaani mhunzi, nalo lina uhusiano na kitenzi kuć, chenye maana ya kufua chuma. Katika Ulaya ya zamani mhunzi alikuwa mtu wa lazima kijijini. Ndiye aliyefua majembe na visu, ndiye aliyewapigilia farasi vyuma vya kwato. Na kwa kuwa kijiji kwa kawaida kilikuwa na mhunzi mmoja au wawili tu, kazi yake ilitosha kumtambulisha. Kwa sababu hiyo jina la mhunzi limekuwa jina la ukoo katika mataifa mengi: Smith kwa Waingereza, Schmidt kwa Wajerumani, Lefebvre kwa Wafaransa, Kuznetsov kwa Warusi, Haddad kwa Waarabu, na Kovács kwa Wahungaria, ambao neno lao lenyewe walilikopa kwa Waslavi.

Lakini ifahamike kwamba Kowalski si sawasawa na 'mhunzi'. Kiambishi tamati -ski ni cha kivumishi. Maana yake ni '-a mhunzi', au '-a mahali paitwapo kwa jina la mhunzi'. Poland ina mji uitwao Kowal, ambako ndiko alikozaliwa Mfalme Kazimierz Mkuu mwaka 1310, na vipo pia vijiji viitwavyo Kowale. Kwa hiyo Kowalski wa kwanza katika ukoo fulani aweza kuwa mwana wa mhunzi, na katika ukoo mwingine aweza kuwa mtu aliyetoka Kowal au Kowale.

Katika karne ya 15 na ya 16 majina ya -ski yalikuwa hasa ya makabaila. Mwenye milki alitambulishwa kwa milki yake: bwana wa mji wa Tarnów aliitwa kwanza 'wa Tarnów', kisha akaitwa Tarnowski. Kwa kuwa umbo hilo lilikuwa la wakubwa, likapata heshima, na katika karne zilizofuata watu wa mijini na wakulima nao wakalichukua, ingawa hawakuwa na milki yoyote. Mtoto wa mtu aliyeitwa Kowal akajulikana kuwa Kowalski.

Baadaye yakaja mabadiliko ya utawala. Katika miaka ya 1772, 1793 na 1795, Prussia, Austria na Urusi ziliigawana nchi ya Poland, na taifa hilo likatoweka katika ramani hadi mwaka 1918. Watawala hao walihitaji kodi, askari na daftari za watu. Hivyo walitaka kila mtu awe na jina la ukoo lisilobadilikabadilika. Jina lililokuwa likielea katika vinywa vya majirani likafungwa katika daftari.

Kutokana na hayo, mambo mawili ni dhahiri. Kwanza, watu waitwao Kowalski hawana babu mmoja. Jina hili lilizaliwa mara nyingi, mahali pengi. Pili, -ski si ushahidi wa ukabaila, japokuwa wako wafanyabiashara wanaowauzia watu nembo za kikabaila kwa kutegemea mwisho wa jina tu.

Maumbo ya jina

Kwa kuwa jina hili ni kivumishi, hufuata upatanisho. Mwanamume ni Kowalski, mwanamke ni Kowalska, na jamaa nzima ni Kowalscy. Tena mwisho wake hubadilika kwa kadiri ya kazi ya jina katika sentensi. Mpolandi akitaka kusema 'nyumba ya Kowalski' atatumia umbo la Kowalskiego. Akitaka kusema kwamba Kowalski amepewa kitu atatumia Kowalskiemu. Na nyumba ikiwa ni ya mwanamke, atatumia Kowalskiej.

Msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kulishangaa jambo hili. Nasi tuna mzizi mmoja utoao Mzaramo, Wazaramo, Kizaramo na Uzaramo. Tofauti ni kwamba sisi hubadilisha mwanzo wa neno, na Mpolandi hubadilisha mwisho wake. Mgeni akidhani kwamba Mzaramo na Wazaramo ni makabila mawili tutamcheka. Lakini karani aonaye kwamba Kowalski na Kowalska ni koo mbili, au kwamba Kowalskiego ni mtu wa tatu, amefanya kosa lile lile.

Kosa hilo huingia hata katika hesabu. Jina linaloongoza kwa wingi nchini Poland ni Nowak, lenye watu wapatao 200,000, nalo halitofautishi mume na mke. Kowalski ni la pili. Lakini katika orodha za serikali wanaume na wanawake huandikwa mbalimbali, kila upande ukiwa na watu zaidi ya 60,000. Asiyejua sarufi atahesabu nusu ya ukoo na kuiacha nusu ya pili. Jina lenyewe limekuwa la kawaida mno, hata Wapolandi hulitumia kwa maana ya 'mtu yeyote', kama sisi tusemavyo 'fulani bin fulani'.

Liko pia suala la matamshi. Herufi w ya Kipolandi hutamkwa kama v ya neno 'vuna'. Sauti ya w ya neno 'wali' huandikwa kwa herufi nyingine, yaani ł. Hivyo jina huandikwa Kowalski na kutamkwa kama 'Kovalski'. Maumbo mengi yaliyozuka ugenini yametokana na pengo hili kati ya herufi na sauti.

Kutawanyika duniani

Mkondo mmoja mkubwa ulielekea magharibi ya Ujerumani. Kuanzia miaka ya 1870 hadi Vita Kuu ya Kwanza, mamia ya maelfu ya watu kutoka mikoa ya mashariki ya Prussia walikwenda kufanya kazi katika migodi ya makaa ya mawe ya Ruhr. Wengi walibaki na majina yao, na hadi leo Kowalski si jina geni katika miji hiyo. Wengine, kwa kushurutishwa na nyakati au kwa kutafuta amani, walibadilisha majina yao yakawa ya Kijerumani, ama kwa kuyakata, ama kwa kuyatafsiri.

Mkondo mwingine ulivuka bahari kwenda Marekani, hasa katika miji ya Chicago, Detroit, Buffalo na Milwaukee. Huko kuna masimulizi yapendwayo sana, kwamba makarani wa kituo cha Ellis Island, kilichofunguliwa mwaka 1892, ndio waliowabadilishia wageni majina. Masimulizi hayo hayana msingi. Makarani wa kituo hicho walikagua abiria kwa kufuata orodha zilizokuja na meli, na orodha hizo ziliandikwa na mawakala wa meli tangu Ulaya. Majina yalibadilika baadaye: shuleni, kazini, mahakamani, na mara nyingi kwa hiari ya wenyewe. Kowalski akawa Kowalsky, au hata Smith. Jambo lililobadilika kwa wengi zaidi ni umbo la kike. Kwa kuwa kwa desturi za Marekani mke na binti walibeba jina la mume au baba bila kubadili herufi, Kowalska alitoweka, na wanawake wote wakawa Kowalski.

Nchini Brazil, hasa katika jimbo la Paraná ambako Wapolandi walianza kufika mwaka 1871, herufi w haikuwa na kazi katika maandishi ya Kireno. Ndiyo maana hukutwa Kovalski na hata Covalski kando ya Kowalski. Huenda ndugu wa tumbo moja wakawa na majina ya herufi tofauti, kwa sababu tu waliandikishwa na makarani tofauti.

Ufaransa ilifanya mkataba na Poland mwaka 1919 ili kupata wafanyakazi, na wachimba makaa wengi wakahamia kaskazini ya nchi hiyo. Huko nako majina marefu yalikatwa: mchezaji mashuhuri wa kandanda, Raymond Kopa, alizaliwa mwaka 1931 kwa jina la Kopaszewski.

Mahali ambapo jambo hili limekuwa zito kupita pengine ni Lithuania, nchi yenye Wapolandi wengi wa asili. Kilithuania huongeza viambishi vyake chenyewe: mwanamume huwa Kovalskis, mkewe Kovalskienė, na binti asiyeolewa Kovalskytė. Kwa muda mrefu sheria ya nchi hiyo ilikataza herufi w katika hati za raia, kwa kuwa haimo katika alfabeti yao. Shauri la namna hiyo lilifika katika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ambayo mwaka 2011 ilieleza kwamba nchi inayo haki ya kuilinda lugha yake ya taifa, ila isimletee mhusika usumbufu mkubwa. Mwaka 2022 Bunge la Lithuania lilipitisha sheria ya kuruhusu herufi w, q na x katika majina, lakini si herufi zenye alama maalumu za Kipolandi. Tunaona hapa haki mbili zilizokabiliana, haki ya lugha ya taifa na haki ya mtu juu ya jina lake, na ilihitajika miaka mingi ili kupatikana suluhu ya nusu.

Mkondo mmoja ulifika kwetu. Katika miaka ya 1940 na 1941, serikali ya Kisovieti iliwahamisha kwa nguvu mamia ya maelfu ya raia wa Poland hadi Siberia na Asia ya Kati. Baadhi yao walitoka kupitia Iran mwaka 1942, na maelfu, hasa wanawake na watoto, waliletwa katika kambi za Afrika Mashariki, kama vile Tengeru karibu na Arusha, Ifunda, Kidugala, Masindi na Koja. Tengeru peke yake ilikuwa na watu wapatao 5,000. Majina ya watu hawa yalikuwa yamekwisha kuandikwa kwa herufi za Kirusi, kisha yakarudishwa katika herufi za Kilatini, kisha yakaingia katika daftari za utawala wa Kiingereza. Baada ya vita wengi walikwenda Uingereza, Kanada na Australia. Makaburi yao yapo Tengeru hadi leo.

Wimbi la karibuni lilianza mwaka 2004, Poland ilipojiunga na Umoja wa Ulaya, na wafanyakazi wengi wakaenda Uingereza. Hawa walikwenda na pasi zao, na kila mwanamke akabaki Kowalska. Hivyo mwisho wa jina umekuwa kama tarehe: katika nchi za ugenini, mwanamke aitwaye Kowalski aghalabu ni wa uzao wa wahamiaji wa zamani, na aitwaye Kowalska aghalabu amehama hivi karibuni. Ni dalili tu, si uthibitisho.

Mafunzo kwa kazi yetu

Kutokana na maelezo haya, hapana budi mfasiri na mwandikishaji wazingatie yafuatayo. Kwanza, jina linakiliwe herufi kwa herufi, pamoja na alama zake, kama lilivyo katika hati ya mwenyewe. Lisiandikwe kwa kufuata sauti, wala lisitafsiriwe. Pili, panapokutwa Kowalskiego au Kowalskiej katikati ya sentensi, mfasiri arudie umbo la msingi, yaani Kowalski au Kowalska, kabla ya kuliingiza katika matini ya Kiswahili. Tatu, umbo la kike lisisahihishwe kuwa la kiume, wala la kiume lililokwisha kuwa halali ugenini lisirudishwe kuwa la kike. Hati mbili zikipishana, mfasiri aandike maelezo mafupi kwamba ni maumbo mawili ya jina moja la ukoo, na uamuzi auachie mwenye mamlaka. Nne, walimu wafundishe matamshi mbali na tahajia, ili mwanafunzi ajue kwamba kulitamka jina vizuri si ruhusa ya kuliandika upya.

Kanuni hizi hazihusu Wapolandi peke yao. Majina yetu wenyewe yamekwisha kupita katika herufi za Kiarabu, tahajia za wamisionari na daftari za wakoloni, na wako wazee ambao jina lao katika cheti cha ubatizo, hati ya shamba na kitabu cha pensheni limeandikwa kwa namna tatu. Afisa aliyeelewa kwa nini Kowalski, Kowalska na Kovalskis waweza kuwa watu wa nyumba moja hatamrudisha mzee huyo kijijini mikono mitupu kwa sababu ya herufi moja. Atauliza kwanza nani aliiandika herufi hiyo, lini, na kwa lugha gani.