Vita vya Panzi: Nintendo, Sega, Sony na Mfuko wa Mnunuzi

Kuna ubishi mmoja wa vijana wa mjini usiokwisha: mashine ipi ya gemu ndiyo kiboko? Mwenye Sega aliitetea Sega yake, mwenye Nintendo akaapa kwa Nintendo, na Sony alipoingia uwanjani ubishi ukazidi kupamba moto. Lakini ukisikiliza vizuri utaona kwamba kila mtu anaitetea ile aliyokwisha kuinunua. Ni ubinadamu tu. Mtu aliyetoa pesa yake mfukoni hapendi kuambiwa kwamba kauziwa mbuzi kwenye gunia.

Basi tuwaachie washabiki ubishi wao, sisi tuitazame historia. Historia inasema kwamba mnunuzi anayelinganisha masanduku peke yake hajalinganisha kitu. Sanduku ni sanduku. Kile atakachokaa nacho miaka mitano ni gemu, na gemu hutungwa na watu.

Tuanze na Atari. Kampuni hii ya Marekani ilitoa mashine yake ya kaseti mwaka 1977 na kwa kitambo ikatamba. Lakini watunzi wake, yaani wale jamaa waliokesha wakiandika programu za gemu, hawakutajwa majina popote. Mwaka 1979 wanne kati yao, akiwamo David Crane, wakaona isiwe taabu. Waliondoka wakashiriki kuanzisha Activision, kampuni iliyomtaja mtunzi kwenye kazi yake. Mwingine, Warren Robinett, alilificha jina lake katika chumba cha siri ndani ya gemu ya Adventure, mchezaji mjanja alitafute mwenyewe. Hebu fikiria! Mtu atunge kazi inayouzwa kwa maelfu, halafu jina lake alipenyeze kama magendo.

Dharau ile kwa mtunzi ilimrudia mnunuzi. Mwaka 1982 Howard Scott Warshaw alipewa wiki tano tu kutunga gemu ya filamu ya E.T., ili iwahi Krismasi. Kaseti nyingi zilirudishwa na maduka. Wakati huohuo kila mwenye tamaa alikuwa anatoa gemu yake, nzuri na mbovu zikapangwa rafu moja, na mnunuzi hakuwa na namna ya kuzitofautisha mpaka alipofika nyumbani. Mwaka 1983 soko la Marekani likaporomoka. Sehemu ya shehena ya Atari ilizikwa katika jaa la Alamogordo, jimbo la New Mexico, na mwaka 2014 watu wakaenda kuifukua kama vile wanachimba mji wa kale.

Mwaka uleule wa 1983 Nintendo walitoa mashine yao huko Japani, na mwaka 1985 wakaingia nayo Marekani. Hawa walikuja na kufuli. Ndani ya mashine mlikuwa na chipu ya kuikagua kila kaseti: isiyo na kibali haichezi. Kampuni za nje ziliruhusiwa kutoa gemu tano tu kwa mwaka, na kaseti zenyewe sharti ziagizwe kwa Nintendo. Kwa mnunuzi, kufuli hilo lilikuwa na sura mbili. Makapi yalipungua, hilo hatuwezi kulikataa. Lakini mwenye soko peke yake hupanga atakavyo. Mwaka 1991, baada ya kutuhumiwa na mamlaka za Marekani kwamba walikuwa wakiyabana maduka yasipunguze bei ya mashine, Nintendo walikubali kuwagawia wanunuzi kuponi za dola 5, bila ya kukiri kosa. Kuponi za kununulia nini? Kaseti za Nintendo! Fidia ikarudi ilikotoka.

Aliyeifungua ile kufuli kwa vitendo ni Sega. Mashine yao ya biti 16 ilifika Marekani mwaka 1989, miaka miwili kabla ya Super Nintendo. Hapa ndipo kulinganisha kukawa na maana. Ya Sega ilikuwa na kasi zaidi, ya Nintendo ilikuwa na rangi zaidi: rangi 256 kwenye kioo kwa wakati mmoja, Sega zisizozidi 64. Super Nintendo haikucheza kaseti za zamani, na wazazi walinung'unika kwamba gharama yote ya nyuma imekwenda na maji. Kwa Sega ungeweza kununua kifaa cha kuchezea kaseti za mashine yao ya awali.

Mwaka 1991 Sega wakashusha bei mpaka dola 149, dhidi ya dola 199 za mpinzani, na ndani ya boksi wakamtia Sonic, yule kalunguyeye wa buluu aliyechorwa na Naoto Ohshima. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Mnunuzi aliyekuwa ananyenyekea sasa alibembelezwa. Hata sheria za Nintendo zililegea. Mwaka 1993 waliitoa damu katika Mortal Kombat wakaigeuza kama jasho, na wachezaji wakaifuata damu kwa Sega. Mwaka uliofuata, katika sehemu ya pili, Nintendo waliiacha damu itiririke. Kama hilo ni jema au baya, amua mwenyewe. Ninachosema ni kwamba mnunuzi alikuwa na pa kwenda, na muuzaji alilijua hilo.

Ila panzi wakipigana sana humsahau hata kunguru. Novemba 1994 Sega waliuza Marekani kifaa cha kupachika juu ya mashine yao, kiitwacho 32X, kwa dola 159. Miezi sita baadaye, Mei 1995, wakatoa mashine mpya kabisa, Saturn, kwa dola 399. Kijana aliyedunduliza akanunua 32X alibaki na pambo. Magemu yake yalikuwa machache, na mwaka 1996 ikafa. Hapo methali ilikuwa imebadilika: wapiganapo tembo, ziumiazo nyasi.

Na Sony je? Hawa walikuwa washirika wa Nintendo katika mpango wa kuunda mashine ya CD. Mwaka 1991, huko Chicago, Sony waliutangaza mpango huo. Kesho yake Nintendo wakatangaza kwamba watashirikiana na Philips. Aibu ya mchana kweupe! Mhandisi Ken Kutaragi hakukata tamaa, na Desemba 1994 PlayStation ikaanza kuuzwa Japani. Kwenye maonyesho ya Mei 1995, Sega walipokwisha kutaja dola 399 zao, mtu wa Sony alipanda jukwaani akataja namba moja tu: 299. Akashuka.

Hata hivyo bei peke yake haikutosha. Nintendo 64 ya mwaka 1996 ilianzia dola 199 na ilikuwa na nguvu, lakini iling'ang'ania kaseti. Kaseti yake kubwa kuliko zote ilibeba megabaiti 64. CD moja hubeba kama 650, tena ni rahisi kuitengeneza. Watunzi wa Final Fantasy VII walihitaji CD tatu, hivyo wakahamia Sony, gemu yao ikatoka huko mwaka 1997, na wapenzi wao wakawafuata. Nintendo walibaki na kazi bora za kwao wenyewe, kama Super Mario 64, lakini hesabu ilisema yake: PlayStation zaidi ya milioni 102, Nintendo 64 takriban milioni 33, Saturn milioni 9 na ushei.

Huku kwetu, Dar es Salaam na Nairobi, wengi tuliijua PlayStation kwenye vibanda vya gemu vya mtaani, unalipia mechi, ukifungwa unampisha mwenzio. Mwenye kibanda hakuuliza habari za chipu. Alitaka mashine yenye mpira na CD za bei chee, na nyingi zilikuwa za kunakiliwa. Unafuu ule ulitufurahisha, lakini tuseme ukweli: mtunzi hakupata hata senti.

Sega waliacha kutengeneza mashine mwaka 2001, baada ya Dreamcast kushindwa. Sonic hakufa. Mwaka 2007 alitokea ndani ya gemu moja na Mario, tena kwenye mashine ya Nintendo, nyumbani kwa adui wa jana.

Kwa hiyo, wewe unayekwenda dukani, kabla hujauliza sanduku lina nguvu kiasi gani, uliza magemu yapo mangapi unayoyataka, moja ni bei gani, na watunzi unaowapenda wamehamia wapi. Na wewe unayeandika hadithi zako usiku kwenye daftari la shule, wasije wakakutisha wenye mitambo. Wape kazi yako, lakini jina lako liandikwe juu, mahali linapoonekana.