Skeli ya Ramani na Kisima Kilichovuka Mto

Wasomaji, leo nina kosa la kukiri. Miaka iliyopita nilitengeneza programu ya kuonyesha visima vya maji. Visima vilipimwa kwa GPS, lakini mto niliuchora kutoka ramani ya 1:250,000 niliyoiskani. Nikaikuza kwenye tarakilishi mpaka mto ukawa mpana kama kiganja, nikaridhika. Fundi akatumwa kurekebisha pampu. Akafuata ramani yangu, akajikuta ng'ambo isiyo na kisima, na mto umefurika. Kijiji kikakaa siku mbili zaidi bila maji.

Hebu tupige hesabu. Mstari wa penseli una unene wa nusu milimita hivi. Kwenye 1:50,000 unafunika mita 25 za ardhi. Kwenye 1:250,000 unafunika mita 125. Kukuza picha hakupunguzi kosa hilo hata kwa mita moja. Kunanenepesha mstari tu.

Zamani jambo hili halikusumbua sana. Aliyetafuta mahali alipo kwa dira na macho yake hakuweza kuishinda ramani ya 1:50,000. Hata GPS ya raia ilikuwa na kosa la hadi mita 100 hivi, kwa sababu Marekani iliivuruga makusudi. Mnamo Mei 2000, kwa amri ya Rais Clinton, uvurugaji huo ulikoma na kosa likashuka hadi mita 20 hivi. Basi kifaa cha mkononi kikawa sahihi kuliko mstari wa penseli.

Hapo ndipo kosa la pili lilipojitokeza. Ramani zetu za zamani zilifuata mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali GPS hufuata WGS84. Ukichanganya mifumo hii bila kubadilisha vipimo, mahali palepale panahama kwa takriban mita 300. Kwenye 1:250,000 hiyo ni milimita moja na kidogo, huioni. Kwenye 1:50,000 ni milimita 6, utaiona mara moja. Skeli ndogo ilinificha kosa ambalo skeli kubwa ingenionyesha.

Siku hizi kila data ninayohifadhi ina safu mbili za ziada: skeli ya ramani ilikotoka, na mfumo wake wa vipimo. Programu ikifikia skeli hiyo, haikuzi tena. Wateja wakilalamika, nawasimulia habari za yule fundi.