Vitabu vya watoto ku shule ya musingi: namna ya kuchagua kama makuta ni kidogo

Katika shule mingi za musingi za Kolwezi, kama mutu anauliza vitabu viko wapi, jibu ni lile lile: viko mu biro ya direkta, ndani ya kabati, na ufunguo uko naye. Mara mingi ni vitabu vya kufundishia Kifaransa na hesabu, vijitabu vya dini, na karatoni moja ya vitabu vyenye vilitoka Ulaya kama zawadi, vyenye mutoto anacheza mu teluji na babu yake anavuna zabibu. Vinafungwa juu watu wanaogopa vitaharibika. Hivi mutoto anaweza kumaliza kilasi ya tatu bila kushika hata kitabu kimoja chenye kiliandikwa ili akifurahie tu.

Hilo si jambo dogo. Benki ya Dunia inakadiria kama katika DRC watoto 97 juu ya 100 wanafika miaka 10 bila kuweza kusoma na kuelewa maandishi mepesi ya umri wao. Tangu Septemba 2019, wakati serikali ilianza kutimiza masomo ya bure ku shule za musingi za serikali, yenye Katiba ya 2006 iliahidi, watoto wengi waliingia na kilasi zilijaa kuliko mbele. Hapa Kolwezi, mutoto mwenye hajue kusoma akiwa na miaka 10 ana mahali pengine pa kwenda. Karibu na muji kuna mashimo ya wachimbaji, kuna mahali pa kuosha mawe, kuna depo za kununua madini. Sheria inakataza watoto kule, lakini wanaonekana. Kitabu cha hadithi hakiwezi peke yake kumutoa mutoto mu shimo. Lakini ku kilasi kwenye hakuna kitu cha kusoma chenye anaelewa, kuondoka kunakuwa kwepesi.

Tuseme basi mwalimu, ao komite ya wazazi, amepata makuta ya vitabu 20. Kosa lenye linafanyika sana ni kununua vitabu 20 vya aina moja, juu ndivyo vilikuwa sokoni siku ile.

Kiswahili gani?

Mbele ya aina ya kitabu kuna swali la lugha. Katiba inataja lugha ine za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inaruhusu zitumike kwa kufundishia. Kisha mupango ACCELERE!, wenye ulisaidiwa na Marekani na Uingereza kuanzia 2015, ulitoa vitabu vya kusoma vya Kiswahili kwa kilasi za chini, na Lualaba ilikuwa kati ya majimbo yenye yalihusika. Vile ni vitabu vya kufundishia: herufi, silabi, mazoezi. Ni musingi muzuri, lakini mutoto hawezi kuishi na mazoezi tu.

Na hapo ndipo shida inaanza. Kiswahili cha Kolwezi kilikomaa mu makambi ya Union Minière, yenye kisha iliitwa Gécamines, kwenye Wasanga, Walunda na Waluba walikutana na watu wenye walitoka Kasai, Rwanda na inchi yenye leo ni Zambia. Mutoto wa Manika ao wa Dilala anakula bukari na sombe, anapanda kinga, anakunywa mayi, anaenda ku masomo. Kitabu chenye kilichapwa Dar es Salaam kinamuambia ugali, kisamvu, baiskeli, maji, shule.

Walimu wengine wanaona hivi na wanarudisha kitabu mu kabati: «Kile ni Kiswahili cha Tanzania, batoto habatakisikia.» Wanakosea nusu. Maneno matano ya namna hiyo yanaelezwa kwa dakika mbili mbele ya kusoma, na mutoto amekwisha kuyasikia mu redio na ku kanisa. Kinachomuangusha mutoto ni sentensi ndefu zenye vifungo kama «alipokuwa hajafika» ao «asingelikuja», vyenye hakuna mutu anasema nyumbani kwake. Kwa hiyo wakati wa kuchagua, mwalimu asiangalie sana maneno mageni. Aangalie urefu wa sentensi. Mustari mumoja, wazo moja, picha yenye inaonyesha lile wazo: kitabu hicho kitasomwa hata kama kimeandika baiskeli.

Kuna kipimo chepesi chenye walimu wa inchi mingi wanatumia. Mutoto anasoma ukurasa mumoja kwa sauti, na kila neno lenye linamushinda ananyoosha kidole kimoja. Kama vidole vitano vimesimama mbele ya mwisho wa ukurasa, kitabu ni kigumu kwake leo. Kisitupwe, kiwekwe pembeni mpaka muhula wenye unafuata, ao mwalimu akisome yeye mwenyewe mbele ya kilasi.

Tanzania kuna vitabu vingi vya watoto vya Kiswahili. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianzishwa kule 1991, na mwaka ule ule kampuni Mkuki na Nyota ilianza kuchapa. Lori zenye zinabeba shaba na kobalti zinatoka Kolwezi, zinapita Likasi, Lubumbashi na Kasumbalesa, zinavuka Zambia mpaka Dar es Salaam, na zinarudi na bidhaa. Vitabu vya watoto havionekane sana mu bidhaa zile. Lakini muzazi mwenye ana ndugu dereva anaweza kumutuma alete kumi, na inatosha kuanza.

Ngano, na hadithi za maisha ya kweli

Ngano ni nyepesi kupata na ndiyo sababu zinajaza rafu. Zina faida moja kubwa: mutoto mwenye alisikia kwa tate yake ujanja wa Kalulu ao wa Kabundi anajua mbele nini itafuata, na kile anajua kinamusaidia kukisia maneno yenye hajue. Kwa kilasi ya kwanza na ya pili hakuna kitu kizuri zaidi. Ila kama ni ngano tu, mutoto anafikiri vitabu ni mambo ya wanyama na ya zamani. Katika vitabu 20, ngano tano zinatosha.

Hadithi za maisha ya leo ni haba zaidi, na zile nzuri mara mingi ziko mu Kifaransa. Dominique Mwankumi, muchoraji Mukongomani mwenye alizaliwa 1965, alitoa Paris kati ya 1998 na 2000 vitabu vitatu vyenye kila mwalimu wa inchi hii angepaswa kuviona: La pêche à la marmite, Prince de la rue na Les petits acrobates du fleuve. Mu kile cha pili, mutoto wa barabarani anatengeneza magari ya waya na kuyauzisha. Watoto wa Kapata ao Musonoi wanajua kazi ile kwa mikono yao. Maandishi ni mafupi na picha zinabeba hadithi, kwa hiyo mwalimu anaweza kuonyesha picha na kusimulia kwa Kiswahili, kisha, kuanzia kilasi ya ine ao ya tano, watoto wasome Kifaransa wenyewe. Bei yake iko juu. Kimoja kwa shule nzima ni bora kuliko hakuna.

Walimu wengine wanauliza kama inafaa kumupa mutoto hadithi ya shimo lenye linaanguka, ya baba mwenye harudi. Inafaa, kama mwalimu ameisoma mbele na anajua nani mu kilasi yake alifiwa. Mu kartie kama Kasulo, kwenye kisha 2014 watu walichimba kobalti hata chini ya nyumba, watoto waliyaona yale mambo kwa macho. Kuyanyamazia mu vitabu vyote hakuwalinde.

Vitabu vya maarifa ndivyo vinakosekana kabisa

Hii ndiyo aina yenye Kolwezi inahitaji zaidi na yenye iko nayo kidogo zaidi. Karatoni za zawadi zina vitabu vya dinosori na volkano, na watoto wanavipenda, hakuna ubaya. Lakini muji wenye unalisha dunia shaba, katika inchi yenye inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima, hauna kitabu chepesi chenye kinamuambia mutoto wa miaka tisa jiwe la kijani ni malakiti, shaba inatoka namna gani ndani yake, na kobalti inaenda kufanya nini mu betri ya telefone. Hana mahali pa kusoma kama mbele ya Wazungu kufika, wahenga wa huku waliyeyusha shaba wenyewe na kutengeneza misalaba yenye ilitumika kama makuta. Hana mahali pa kusoma juu ya baraji ya Nzilo, yenye ilimalizika 1952 na kuitwa Delcommune, yenye ilifunga Lualaba na kufanya ziwa ili migodi ipate umeme. Mutoto mwenye anasoma na mushumaa angekuwa na maswali mazuri sana juu ya kitabu kile.

Kwa vile vyenye vinapatikana, kitu cha kwanza cha kuangalia ni mwaka. Kitabu cha jiografia chenye kinaita inchi Zaire kiliandikwa mbele ya 1997. Chenye kinaweka Kolwezi mu jimbo la Katanga ni cha mbele ya 2015, wakati Katanga iligawanywa kuwa Haut-Katanga, Haut-Lomami, Tanganyika na Lualaba, na inchi ikawa na majimbo 26. Vile vya zamani vinaweza kubaki kama mwalimu anaandika mwaka kwa kalamu ku jalada na kueleza. Bila vile, mutoto atabisha na muzazi wake nyumbani, na kitabu ndicho kitakuwa na makosa.

Kile chenye hakipatikane kinaweza kutengenezwa. Karatasi nne za A4, zikikunjwa katikati na kushonwa, zinatoa kijitabu cha kurasa 16. Watoto wa kilasi ya tano wanaweza kumuuliza muzee mwenye alitumika Gécamines namna kazi ilifanyika, ao mama mwenye anauzisha makala namna yanachomwa, na kuandika jibu lake kwa Kiswahili kile kile alisema, picha wachore wenyewe. Mwalimu anasahihisha herufi tu. Kwa watoto wa kilasi ya tatu, kijitabu cha wakubwa zao kinapimwa bei ya dhahabu, juu majina ya ndani wanayajua.

Bede na michezo

Wazazi wengi wanadharau bede, wanasema ni mchezo. Inchi hii ina historia yake ya bede: gazeti Jeunes pour Jeunes lilitoka Kinshasa tangu 1968 na vijana walilinyang'anyana, na Barly Baruti, mwana wa Kisangani, anajulikana leo mpaka Ulaya. Kwa mutoto mwenye anasoma polepole, bede ni ngazi: neno liko mu kinywa cha mutu, na sura ya ule mutu inaonyesha kama amekasirika ao anacheka. Tatu ao ine mu vitabu 20 ni sawa. Tintin au Congo, yenye iko mu karatoni mingi za zawadi, ni jambo lingine. Ilichorwa 1930 na mutu mwenye hakufika huku, na inaonyesha Wakongomani kama watoto wajinga. Ku rafu ya wadogo haina nafasi. Mwalimu wa kilasi ya sita mwenye anafundisha historia anaweza kuifungua pamoja na wanafunzi na kuwauliza wanaona nini.

Michezo ya kuigiza imesahauliwa kabisa mu vitabu, na ni ajabu, juu Katanga nzima ilicheka na kikundi cha Mufwankolo cha Lubumbashi mu redio na televizyo, mu Kiswahili cha watu wenyewe. Mutoto mwenye anaona haya kusoma ukurasa anasoma mustari mumoja bila shida kama ni zamu yake ya kujibu. Mazungumuzo ya nusu ukurasa yenye mwalimu aliandika, watu watatu ku soko wanabishana bei ya bukari, yanatosha kwa juma nzima. Nyimbo na vitendawili vinaingia hapo hapo. Watoto wanavijua tayari, kazi ni kuviandika ku karatasi kubwa na kutundika ukutani.

Makuta yatoke wapi

Njia ya bei ndogo ni telefone. African Storybook, yenye ilianzishwa Afrika Kusini 2014, inatoa bure hadithi za watoto mu lugha mingi za Afrika, Kiswahili pia, na inaruhusu kila mutu azichape, hata abadilishe maneno. Ruhusa hiyo ni ya muhimu: mwalimu anaweza kuondoa ugali na kuweka bukari mbele ya kwenda ku fotokopi.

Njia ingine inajulikana kidogo. Sheria ya madini, vile ilibadilishwa 2018, inalazimisha kila kampuni yenye inachimba kutoa 0.3 kwa mia ya mapato ya mauzo yake kwa miradi ya jamii zenye ziko karibu na mugodi, na asilimia 15 ya redevansi inaenda kwa komini, sekta na usultani zenye ziko na mugodi. Wakati wa kupanga ile miradi, watu wanaomba majengo ya kilasi, na wana haki. Mara chache mutu anasimama ku mukutano kuomba vitabu vya kuweka ndani ya jengo. Komite ya wazazi yenye inakuja na orodha iliyoandikwa, majina ya vitabu na bei, inakuwa na nguvu kuliko ile yenye inasema tu «tunataka vitabu».

Inabaki kabati. Rafu ya mbao mu kilasi yenyewe, ao kamba ukutani yenye vitabu vinaning'inia, na wanafunzi wawili wa kuandika nani amechukua nini, inafanya kazi hata ku kilasi ya watoto 70. Vitabu vitapasuka. Mwanzo wa Julai, mbele ya vakansi, mwalimu anavihesabu: vile vimechakaa na kubandikwa skochi ndivyo vya kununua tena Septemba, na vile vimebaki vipya anawauliza watoto kwa nini.